Kwetu ni Ilipolia Kengele

 

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu alituuliza kila mmoja kwao ni wapi. Wenzangu wakataja Kaloleni, Taita, Ukambani. Mimi nikanyamaza. Jioni nikamuuliza bibi. Akanipeleka hadi Kengeleni, akaonyesha ile kengele, akasema, "Kwetu ni hapa ilipolia."

Ndipo akanisimulia. Bibi yake yeye alitekwa Nyasa akiwa mtoto, akaokolewa kutoka jahazi la watumwa, akaletwa Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS miaka ya 1870. Alikuta Wayao, Wamakua na wengine, kila mtu na lugha yake. Kiswahili ndicho walichoombea na kuimbia pamoja.

Jina alilopewa na mamake alilisahau. Alibakiwa na wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, ambao maneno yake hakuna aliyeyafahamu. Bibi aliuimba jikoni. Mimi sikuuandika, na alipolala, wimbo ukaenda naye. Hilo linaniuma hadi leo.

Wapendwa, tukitoka hapa tuwakalishe wazee wetu, tuwaulize, tuandike. Na yule mwalimu angeniuliza leo, nisingenyamaza. Ningewaonyesha ninyi mliovaa majoho: sauti ya kwanza hadi ya nne, ukoo wangu ndio huu.