Mateka na Aliyemshika: Somo la Historia kwa Vijana wa Nachingwea na Ruangwa



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha vijana wa sekondari historia ya vita. Nitachukua sehemu moja tu, habari ya mateka. Hoja yangu ni fupi: anayetaka kijana avielewe vita, na aanze na mtu aliyekwisha kunyang'anywa bunduki. Wakati wa mapigano kila upande una hofu yake na udhuru wake. Mateka hana tena la kumtisha mtu. Atakula nini, atalala wapi, ataishi au atakufa, hayo yote yamo mikononi mwa aliyemshika. Hapo ndipo jeshi, chama na dola huonekana jinsi vilivyo. Na kwa somo hili hatuna haja ya kwenda mbali, maana kusini yetu ina mifano ya kujivunia na mifano ya kuinamisha kichwa.

Hata hivyo nitaanza na watu wa mbali, Waustralia, kwa kuwa wao wameifanya habari ya mateka kuwa somo la kizazi hadi kizazi. Singapore ilipoanguka tarehe 15 Februari 1942, maelfu ya askari wao waliingia mikononi mwa Wajapani. Katika vita vile vyote, Waustralia zaidi ya 22,000 walitekwa na Japani, na takriban 8,000 kati yao walikufa wakiwa mateka. Wengi walitumikishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma, kwa njaa, kipindupindu na kipigo. Kule Sandakan, kisiwani Borneo, kulikuwa na mateka wa Kiaustralia na wa Kiingereza wapatao 2,400. Waliopona ni Waustralia sita, na wote sita walipona kwa sababu walitoroka.

Kama Waustralia wangeishia hapo, wangekuwa wanawafundisha watoto wao kulia tu. Lakini wanao pia mji wa Cowra, mji wa wakulima katika jimbo la New South Wales. Huko Waustralia ndio waliokuwa washikaji. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1944, mateka wa Kijapani zaidi ya 1,000 walivunja kambi. Wajapani 231 walikufa katika mkasa ule, pamoja na askari wanne wa Australia. Watu wa Cowra wangeweza kulifukia jambo hilo. Badala yake waliyatunza makaburi ya wale Wajapani, na mwaka 1979 wakafungua bustani ya Kijapani mjini kwao. Kijana wa Australia anayesoma habari za Sandakan na za Cowra pamoja anajifunza kwamba taifa lake limewahi kuteswa, na limewahi kushika funguo za kambi.

Sasa turudi kwetu.

Mfano wa kwanza ni Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Wamwera wa huku walikuwemo katika vita vile tangu 1905, lakini habari ya mateka inaonekana wazi zaidi kule Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, na siku chache baadaye wakamnyonga jemadari wao, Nduna Songea Mbano. Mkataba wa The Hague wa 1899 ulikwisha kusema kwamba mateka atendewe kwa utu, na Ujerumani ilikuwa imeukubali. Ila mkataba ule ulizifunga nchi zilizoutia saini zinapopigana zenyewe kwa zenyewe. Mngoni na Mmwera hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mwanafunzi akilielewa hili, ameelewa ukoloni kuliko aliyekariri sababu saba za Majimaji.

Mfano wa pili ni Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1917 Waingereza waliiteka Ruponda, hapa hapa Nachingwea, ambako Wajerumani walikuwa wameweka akiba ya chakula. Siku chache baadaye yakaja mapigano ya Mahiwa, upande wa Nyangao, yaliyoangusha maelfu ya watu ndani ya siku nne. Mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliuvuka Mto Ruvuma akiwa amepungukiwa chakula na kwinini, akiwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake wachukuliwe na Waingereza. Hapo tofauti inaonekana: afisa wa Kizungu aliyekamatwa alikuwa na cheo, jina na orodha ya kuandikwa. Mpagazi aliyekamatwa kijijini, akabebeshwa mzigo wa jeshi hadi akaanguka njiani, hakuitwa mateka. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile. Mwalimu na awaulize vijana: mtu anayelazimishwa kufuata jeshi, asiyeweza kurudi kwao, tofauti yake na mateka ni ipi?

Mfano wa tatu tunaujua vizuri zaidi, maana wazee waliomo humu waliuona. Wapigania uhuru wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walipata makao hapa Nachingwea, pale tunapopaita Farm 17, kwenye ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Kiongozi wao Samora Machel na wenzake walifundisha wapiganaji hapo. Ureno, iliyoitawala Msumbiji, haikuwahesabu kuwa askari. Kwake walikuwa magaidi, na aliyekamatwa aliangukia mikononi mwa PIDE, polisi wa siri waliosifika kwa mateso. FRELIMO ingeweza kulipiza kisasi. Ilitangaza msimamo mwingine: adui ni utawala wa kikoloni, si mwananchi wa Ureno aliyevalishwa sare, na askari aliyejisalimisha asiuawe.

Msimamo huo ulipimwa tarehe 1 Agosti 1974. Serikali ya zamani ya Ureno ilikwisha kuanguka tarehe 25 Aprili, na askari walioko porini walikuwa wamechoka. Wapiganaji wa FRELIMO waliizingira kambi ya Omar, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, wakawaita Wareno kwa vipaza sauti watoke. Zaidi ya 100 walikamatwa, wakavushwa Ruvuma na kuletwa upande huu wa Tanzania. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini tarehe 7 Septemba, na mwezi huo huo wakarudishwa kwa wenzao wakiwa hai. Vijana wa Nachingwea wana haki ya kuijua habari hii na kujivunia.

Lakini mwalimu mkweli haishii hapo. Mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji, Nachingwea ilishuhudia jambo jingine. Wapinzani wa FRELIMO, miongoni mwao Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama, na mwanasiasa Joana Simeão, waliletwa mbele ya umati wa wapiganaji na kusomeshwa maungamo yao hadharani. Baadaye waliuawa huko Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Hawa walikuwa wafungwa wa kisiasa, na mwanafunzi lazima aoneshwe tofauti kati ya mfungwa wa namna hiyo na mateka wa vita. Swali ni lile lile: waliokuwa na nguvu walimtendeaje asiye na nguvu? Chama kile kile kilichomrudisha askari wa Kireno kwa mama yake kilishindwa kumpa Mmsumbiji mwenzao hakimu. Kuyasema haya hakuwavunjii heshima waliokufa wakipigania uhuru. Wao walipigana ili watu wasihukumiwe kwa namna hiyo.

Walimu wenzangu, haya yanafundishwaje kwa kijana wa miaka 15?

Kwanza, mpeni kipimo. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa tarehe 12 Agosti 1949, ambao Tanganyika iliukubali mwaka 1962, unafaa kabisa. Kifungu cha 13 kinakataza mateka kupigwa, kutukanwa na kufanywa maonesho ya watu. Kifungu cha 17 kinasema anayehojiwa analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi tu, wala asiteswe ili aseme zaidi. Cha 118 kinataka aachiliwe bila kukawia mapigano yakikoma. Cha 71 kinampa ruhusa ya kuandika nyumbani, na hata idadi ikiwekewa mpaka, isipungue barua 2 na kadi 4 kwa mwezi. Kateni karatasi ya manila iwe na ukubwa wa kadi ya posta, kila mwanafunzi aishike, aone nafasi ilivyo ndogo, kisha aulizwe: ungemwambia nini mama yako humu, ukijua askari wa adui ataisoma kwanza?

Pili, andikeni ubaoni maswali manne, na kila mfano upitishwe humo. Nani alimshika? Nani aliandika jina lake? Familia yake iliambiwa na nani? Aliondoka vipi? Songea, Ruponda, Omar, Farm 17, Sandakan na Cowra, vyote vinajibika kwa maswali hayo, na kipindi cha dakika 40 kinatosha mfano mmoja. Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 imetupa somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Sijui mahali ambapo historia na maadili hukutana wazi kuliko hapa.

Tatu, tuwe na kiasi. Msiwafunge wanafunzi kamba wala kuwaigizisha mateso. Watacheka au wataumia, na hakuna watakachojifunza. Kumbukeni pia kwamba darasani huenda yumo mjukuu wa mkimbizi aliyevuka Ruvuma, au wa mtu aliyekuwa upande ulioshindwa. Mtoto huyo asisimamishwe kueleza ya ukoo wake. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Namalizia kwa ombi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 leo amepita 70. Wapo hapa Nachingwea na Ruangwa waliouza muhogo pale kambini, waliochota maji pamoja na wapiganaji, walioona magari yakiingia na kutoka. Nawaomba wakuu wa shule watenge muhula mmoja, vijana wa kidato cha tatu wawaendee wazee hao kwa adabu, wawarekodi kwa simu kwa idhini yao, na nakala ziwekwe shuleni na kwenye halmashauri. Wazee wetu, nanyi nawaomba msiwachagulie wajukuu yale matamu peke yake. Wapeni yote, wao watapima.