Ute wa Mshubiri na Kidonda cha Kisukari

Kidonda cha mgonjwa wa kisukari huchelewa kupona kwa sababu sukari nyingi mwilini huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Damu haifiki vizuri mguuni, chembe nyeupe hupambana na vijidudu kwa udhaifu, na ganzi humfanya mtu atembee na msumari ndani ya kiatu bila kuhisi.

Mshubiri ni miongoni mwa mimea iliyochunguzwa sana. Jani lake likipasuliwa, chini ya ganda hutoka utomvu wa njano, mchungu, unaowasha ngozi. Huu haufai kidondani. Katikati mna ute mweupe unaoteleza, wenye sukari changamano iitwayo asemanani, ambayo huchochea seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ngozi mpya. Katika panya wenye kisukari, vidonda vilivyopakwa ute huo vilifunga upesi zaidi.

Kwa binadamu, ushahidi bado ni mchache. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 hayakupata majaribio bora ya kutosha kuthibitisha kuwa mshubiri huponya vidonda. Isitoshe, dondoo la maabara huchujwa na kuuliwa vijidudu. Jani la uani hubeba udongo na bakteria, na hapo ndipo mguu unaweza kuponzwa.

Mgonjwa akague nyayo zake kila siku, adhibiti sukari, na akiona usaha, weusi au harufu mbaya, awahi hospitali siku hiyohiyo.