Stima Ikipotea, Faili Zibaki: Kuchagua Mfumo wa Faili kwa Seva ya Ofisi
Mada kwa makatibu, wahasibu na walimu wanaotunza kumbukumbu za vikundi, shule, zahanati na vyama vya ushirika



Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea katika sehemu kubwa ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ikapotea tena. Hizo ni zile zilizofika kwenye taarifa ya habari. Mkazi wa Kondele, Ahero, Maseno au Katito hahitaji kuambiwa kwamba radi moja ya alasiri kutoka upande wa ziwa inatosha kuzima taa za mtaa mzima.

Taa hurudi zilivyokuwa, lakini kompyuta iliyozimika katikati ya kazi huenda isirudi ilivyokuwa. Vyama vingi vya akiba na mikopo, shule, zahanati na Vikundi vya Usimamizi wa Fuo (BMU) katika kaunti sasa vina seva ofisini. Mara nyingi ni kompyuta moja tu iliyowekwa kwenye kona, inaendeshwa na Linux kwa sababu haidai ada ya leseni, na kompyuta nyingine zote hufungua faili kutoka kwake. Ndani yake mna hisa za wanachama, karo za wanafunzi, kadi za chanjo za watoto. Mwanachama aliyeweka akiba kwa miaka 8 hana ushahidi mwingine ila ule ulio ndani ya diski hiyo.

Anayeweka Linux kwa mara ya kwanza huulizwa swali ambalo wengi hulipita bila kusoma: diski ipangwe kwa mfumo gani wa faili? Mfumo wa faili ndio utaratibu wa kujua faili ipi iko wapi, ina ukubwa gani, ni ya nani, na nafasi ipi bado iko wazi. Bila utaratibu huo diski ni ghala lisilo na rafu wala karani.

Kuhifadhi hati moja si tendo moja. Maandishi yenyewe huandikwa mahali fulani, orodha ya faili hubadilishwa mahali pengine, na hesabu ya nafasi iliyobaki hubadilishwa penginepo. Stima ikikatika katikati ya hatua hizo, vitabu havipatani. Katika mfumo wa ext2, uliotolewa mwaka 1993, kompyuta ikiamka baada ya kuzimika ghafla ilibidi ikague diski yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye diski kubwa kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, watu wakiwa wamepanga foleni dirishani.

Mwaka 2001 mfumo wa ext3 uliingia katika Linux ukiwa na daftari la awali. Kazi yake anaielewa yeyote aliyewahi kusimama kwenye mizani ya samaki pale Dunga. Kabla ya kujaza kitabu kikubwa, karani huandika kwanza kwenye karatasi kile anachotaka kuingiza. Mvua ikimfukuza, akirudi hahitaji kupekua kitabu chote. Anatazama karatasi tu: lililokamilika huliingiza, lililokatika huliacha. Kompyuta nayo husoma daftari lake kwa sekunde chache kisha ikaendelea na kazi.

Lakini hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwa kawaida daftari hilo hulinda mpangilio wa diski, halilindi kila herufi iliyochapwa. Maandishi mapya huweza kungoja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kwa muda wa hadi nusu dakika hivi kabla ya kuteremshwa kwenye diski. Mwaka 2009, mfumo wa ext4 ulipokuwa mgeni, watumiaji walilalamika kwamba baada ya mashine kuzimika walikuta faili zipo kwa jina, ndani tupu kabisa. Marekebisho yalifanywa mwaka huohuo. Tofauti inayobaki ni ya programu: hifadhidata kama PostgreSQL au MariaDB huilazimisha diski kuandika kabla ya kusema “imehifadhiwa”, na programu nyingine nyingi hazifanyi hivyo. Kwa hiyo chama kinachoweka hesabu za wanachama 600 katika jedwali moja, linalofunguliwa na watu watatu kwa zamu, kina tatizo ambalo mfumo wowote wa faili hautalitatua.

Basi uchaguzi ni upi? Kwa ofisi ya watu 5 hadi 30 yenye diski moja au mbili, ext4 ndiyo jibu, na hakuna haja ya kutafuta mbali. Iliingia katika Linux kama mfumo uliokamilika mwishoni mwa 2008. Debian na Ubuntu huiweka zenyewe bila kuombwa. Haishindi katika kila mashindano ya kasi, lakini vyombo vyake vya ukarabati vimezoeleka, na fundi yeyote wa Linux atakayeitwa Jumamosi jioni atakuwa amewahi kuishika. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mfumo unaoeleweka na mtu mmoja tu mjini Kisumu ni hatari hata ukiwa mzuri.

XFS inafaa kazi nzito zaidi. Ilianzishwa na kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1993, na tangu 2014 ndiyo Red Hat huiweka kwanza kwenye seva zake. Ofisi yenye faili kubwa, kwa mfano picha za eksirei, video au ramani za mashamba zilizoskaniwa, na watu wengi wanaoandika kwa wakati mmoja, itaona faida. Kasoro yake ni moja, nayo ijulikane mapema: sehemu ya diski iliyopangwa kwa XFS huweza kupanuliwa, lakini haipunguzwi. Anayekosea vipimo siku ya kwanza atalazimika kuhamisha kila kitu na kuanza upya.

Btrfs na ZFS zina uwezo ambao hizo mbili hazina. Huweka alama ya ukaguzi kwenye kila kipande cha data, hivyo diski inayoanza kuoza hugunduliwa kabla haijaharibu faili kimyakimya. Pia huweza kuweka picha ya faili zilivyokuwa asubuhi, ili zile zilizofutwa mchana zirudishwe. Ni mifumo mizuri mikononi mwa anayeijua. Btrfs, hata hivyo, haifai kwa mpangilio wa diski uitwao RAID 5 au RAID 6. Watengenezaji wake wenyewe wanaonya hivyo. ZFS nayo ina leseni isiyopatana na ile ya Linux, kwa hiyo huongezwa kutoka nje, na kila Linux inapoboreshwa kuna jambo jingine la kuangalia.

Anayevutiwa na kasi pekee afikirie habari ya ReiserFS. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisifiwa kwa wepesi wake katika faili ndogondogo, na SUSE iliifanya chaguo lake la kwanza. Ilitegemea mno kampuni ya mtu mmoja, Hans Reiser. Mwaka 2008 mtu huyo alihukumiwa kwa kumuua mkewe, na walezi wa mfumo wakabaki wachache. Linux toleo la 6.13, la Januari 2025, liliuondoa kabisa. Aliyekuwa bado ana data humo ilibidi aihamishe.

Na kasi yenyewe haitoki sana kwenye mfumo wa faili. Diski ya zamani inayozunguka huweza kutafuta mahali kama 100 hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida hufanya hivyo mara maelfu. Ofisi inayolalamika kwamba seva ni nzito inunue SSD kabla ya kubishana juu ya ext4 na XFS. Na fundi asishawishike kuzima kile kizuizi kinachoilazimisha diski kuandika kwa mpangilio, kiitwacho barrier, ati mashine iwe nyepesi. Katika mji ambao stima hukatika bila kubisha hodi, wepesi huo una deni lake.

UPS ndogo inayoipa seva dakika 10, ikiunganishwa kwa waya wa USB ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu, huokoa faili nyingi kuliko mfumo wowote uliotajwa hapa. Seva isikae sakafuni pia. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na maji yakaingia majumbani na maofisini kandokando ya ufuo, na nyanda za Nyando hufurika mara kwa mara. Wadudu wa ziwani nao wakiingia kwenye feni, mashine huchemka.

Kisha kuna nakala ya akiba. Diski mbili zinazofanana ndani ya seva moja si akiba, kwa kuwa faili ikifutwa kwenye moja imefutwa kwenye zote mbili, na mwizi hubeba kompyuta nzima. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje ndani ya ofisi, nyingine nje ya jengo, kwa mfano kwa mweka hazina au tawi jingine, ikiwa imefungwa kwa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza habari za watu si kuzificha tu, bali pia aweze kuzirudisha kwa wakati hitilafu ikitokea. Sheria hiyo haibagui ofisi kubwa na kikundi cha akina mama.

Anayetaka kujua hali ya seva yake aanze leo kwa amri mbili. Ya kwanza, df -T, itamwonyesha ni mfumo gani wa faili unaotumika na nafasi iliyobaki. Ya pili, smartctl, itamwonyesha afya ya diski. Halafu achukue nakala ya akiba ya wiki iliyopita, aifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa, na amtafute mwanachama mmoja kwa jina. Salio likionekana, na likilingana na kitabu chake cha mkononi, nakala hiyo inafanya kazi. Lisipoonekana, fundi aitwe kabla ya mvua za masika.