Hisa ni Hisa, Sadaka ni Sadaka

(Hotuba ya kikundi iliyosomwa Kaoze, siku ya kuadhimisha miaka kumi)

  

Tumepewa nafasi ya kueleza jinsi huduma za kanisa letu la Kibaptisti zilivyokua katika miaka hii kumi, na jinsi kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilivyohusika. Hatutawachosha, maana jua la huku bondeni mnalijua, na harufu ya wali mmekwisha kuisikia.

Tuanze na tulikotoka. Ufipa na bonde lake zilifikiwa mapema na Wakatoliki. Mapadri Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kazi yao ikaenea Ufipa. Wabaptisti tumekuja nyuma sana. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walianza kazi Tanganyika mwaka 1956. Wakajenga hospitali ya kifua kikuu Mbeya, na mwaka 1962 wakafungua chuo cha theolojia Arusha. Kwa hiyo hapa kwetu sisi ni wachache. Jirani wa kulia ni Mkatoliki, wa kushoto ni Mpentekoste au Mwislamu, na ng'ambo ya mbuga yuko Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake. Kanisa dogo la namna hiyo likijifungia ndani, nani atajua kama lipo? Ndiyo maana tangu mwanzo huduma zetu zilikuwa za kutoka nje: kutazama wagonjwa, kufariji wafiwa, kusomesha watu wazima kusoma na kuandika, kufundisha watoto Jumapili, na kufuata watu katika vitongoji vya mbali ambako hakuna kanisa.

Lakini huduma zina gharama, jamani. Mtu akienda kitongoji cha mbali wakati wa masika anahitaji baiskeli nzima au nauli ya pikipiki. Mgonjwa hatazamwi kwa mikono mitupu. Na kanuni ya zamani ya Wabaptisti ni kwamba kanisa la mahali hujitawala. Mambo makubwa huletwa katika kikao cha washirika, na mama mwenye kanga moja ana kura sawa na mwenye mashine ya kukoboa. Kanuni hiyo ni nzuri, tunaipenda. Ila ina upande wa pili: anayejitawala hujilisha. Hakuna mfuko wa mbali unaotuteremkia kila mwezi.

Wazee wetu wa imani waliijua hali hiyo. Tarehe 2 Oktoba 1792, katika mji wa Kettering, Uingereza, wahubiri wachache wa Kibaptisti walikutana nyumbani kwa mjane mmoja. Walitaka kupeleka Injili nchi za mbali, na wengi wao walikuwa watu wa kipato kidogo. Wakaandika ahadi zao kwenye vikaratasi, na vikaratasi vikakusanywa ndani ya kikopo cha ugoro. Jumla yake ilikuwa pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Mwaka uliofuata, 1793, William Carey akasafiri kwenda India. Kumbe kazi iliyokuja kuenea duniani ilianza na kikopo, tena sebuleni kwa mjane! Tunapowaambia vijana wetu wasidharau sanduku letu, ndiyo sababu.

Sasa tuje kwenye sanduku lenyewe. Namna hii ya kuweka na kukopa hatukuibuni sisi. Shirika la CARE liliianzisha na akina mama wa Niger, Afrika Magharibi, mwaka 1991. Baadaye ikafika Zanzibar na Tanzania Bara, na wengi mnaijua kwa jina la VICOBA. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa akina mama watatu tofauti. Anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, basi. Mwenye uwezo mkubwa hawezi kuwameza wengine. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwenyewe. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa, ambao hauna riba. Mwisho wa mwaka tunavunja na kugawana: kila mtu na hisa zake, pamoja na faida. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, na wasiojua kusoma walijifunza wakilitazama hilohilo.

Ndugu mgeni rasmi, hapa ndipo tunataka kusema neno letu la leo. Sanduku lilipoanza kuwa zito, wazo likajitokeza katikati yetu, na lilitoka kwa watu wenye nia njema: kwa nini kikundi kisilikopeshe kanisa? Kanisa linataka bati. Kituo kipya kule mbali kinataka benchi. Fedha zimelala sandukuni, na wenye fedha ni wana wa kanisa hilohilo. Je, kuna ubaya gani?

Tulijadiliana kwa muda mrefu, si mkutano mmoja wala miwili. Tukakataa. Si kwa sababu hatulipendi kanisa. Tulikataa kwa sababu tatu, na tunaomba ziandikwe kwenye kijitabu hiki ili watakaotufuata wazikute.

Sababu ya kwanza ni kalenda ya bonde letu. Mnajua wenyewe: mpunga unavunwa mvua zikiisha, na ghala linaanza kulia kuanzia Januari. Miezi hiyo ndiyo ya palizi, ndiyo ya ada na sare za shule, ndiyo ya malaria. Mama asipokuwa na mahali pa kukopa, anakwenda kwa mwenye fedha na kuuza mpunga ungali kijani shambani. Anapewa fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno gunia zima linaondoka. Mwaka unaofuata anaanza tena na ghala nusu. Sanduku letu kazi yake kubwa ni hiyo: liwe na fedha Januari na Februari. Fedha iliyogeuka bati haiwezi kumsaidia mtu mwezi wa Februari. Mkopo wa palizi unarudi na kumhudumia mwingine. Bati likishapigiliwa misumari limekaa hapo.

Sababu ya pili ni heshima. Mwanachama akichelewesha rejesho, anasimama mbele yetu, anajieleza, analipa faini. Sasa kanisa likichelewa, nani atamtoza faini mchungaji? Tutaona haya. Tutanyamaza, tutanung'unika njiani tukitoka kisimani, na Jumapili tutaimba huku mioyo imefunga. Deni kati ya kikundi na kanisa lingeharibu vyote viwili.

Sababu ya tatu ni majirani zetu. Kikundi hiki kilianzia kwa akina mama wa kanisa, lakini hakikuishia humo. Tunao wanachama Wakatoliki, wa makanisa mengine, na Waislamu. Mama wa Kikatoliki alinunua hisa, hakutoa sadaka kwa Wabaptisti. Kuichukua hisa yake na kujengea kanisa letu ni kumwibia, hata kama tungemwimbia pambio zuri namna gani.

Basi tukaweka kanuni, na mpaka leo hatujaivunja: hisa ni hisa, sadaka ni sadaka. Tukishagawana mwisho wa mwaka, kila mama anakwenda na fungu lake nyumbani. Akitaka kumtolea Mungu, anatoa kwa mkono wake, kwa kanisa lake, kiasi anachokijua yeye na Mungu wake. Hakuna anayesoma majina.

Mtauliza: je, huduma za kanisa zilidhoofu? Hapana. Zilikua, na tunaweza kuwaeleza kwa nini. Mama ambaye ghala lake halijauzwa kijani ana nafasi ya kwenda kumtazama mgonjwa. Mama ambaye watoto wake wamekula anaweza kulala kitongoji cha mbali siku mbili akifundisha. Sadaka ya mavuno inaletwa na watu wenye mavuno. Na yule jirani tuliyekaa naye kwenye mkeka mmoja tukihesabu fedha, siku ya msiba wake hatuendi kama wageni. Tumeingia katika nyumba ambazo zamani mlango wake tulikuwa tunaupita tu.

Mwaka 2018 kipindupindu kilipoingia Bonde la Ziwa Rukwa, jambo hili lilionekana wazi. Mafundisho ya kuchemsha maji, kunawa kwa sabuni na kuchimba vyoo yalihitaji watu wanaoaminika nyumba kwa nyumba. Akina mama wa kikundi walikuwa tayari wanajulikana. Tulikwenda wawiliwawili, Mbaptisti na Mkatoliki, na hakuna aliyetuuliza tumetumwa na dini gani.

Tena tumejifunza kutotegemea mlango mmoja. Halmashauri zina mikopo ya asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, na tunaishukuru serikali. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisitishwa ili utaratibu utengenezwe upya, ikarejea mwaka 2024. Katika kipindi hicho chote palizi haikusitishwa, wala njaa haikusubiri utaratibu. Sanduku letu liliendelea kufunguliwa siku yake. Msaada ukija, karibu. Usipokuja, tusilale njaa.

Sasa tutazame miaka kumi ijayo. Tuna maombi manne.

Moja, kwa wanachama: kanuni ya hisa na sadaka isiguswe, hata siku sanduku likiwa zito kuliko leo. Hasa siku hiyo.

Mbili, kwa watunza kumbukumbu: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama chetu visajiliwe na viwe na katiba na hesabu zinazosomeka. Tusione hiyo ni usumbufu. Daftari safi ndilo linalomlinda mjane pale shemeji anapokuja kudai kwamba hisa za marehemu ni za ukoo.

Tatu, kwa kanisa letu: msiwahesabu akina mama kuwa ni mfuko. Wahesabuni kuwa ni washirika wenye sauti. Mnapopanga kituo kipya cha kuhubiri, tuiteni wakati wa kupanga, msituite wakati wa kuchangia tu. Sisi ndio tunaojua nani anaumwa, kitongoji gani hakina maji, na binti yupi ameacha shule.

Nne, kwa mabinti zetu: njooni mkae karibu na sanduku. Siku hizi fedha nyingi zinapita kwenye simu, na ninyi mnazijua simu kuliko sisi. Tufundisheni hayo, nasi tuwafundishe kuhesabu mbele ya watu na kusema hapana bila kugombana.

Ndugu mgeni rasmi, katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma habari za Dorkasi wa Yopa, mama aliyewashonea wajane nguo. Alipofariki, wajane hawakuonyesha jengo. Walionyesha kanzu alizowashonea. Nasi tungependa kanisa letu hapa Kaoze lijulikane hivyo: kwa mtoto aliyebaki shuleni, kwa mpunga uliokomaa na kuvunwa na mwenye shamba, na kwa mfiwa ambaye hakuzika peke yake. Bati tutanunua, tena kwa sadaka zetu wenyewe, polepole.

Tunawashukuru waume zetu waliokubali tuchelewe kupika siku za mkutano. Tunawashukuru waliotufundisha kazi hii, na waanzilishi wenzetu waliokwisha kutangulia mbele za haki. Chakula ni tayari, karibuni wote. Na wanachama msisahau: sherehe si mkutano. Mkutano uko palepale, siku ileile, saa ileile, na atakayechelewa faini yake anaijua.