Deraya Iliyozindikwa na Roho Iliyonaswa

Deraya iliyozindikwa, katika mfululizo wa michezo ya video ya The Elder Scrolls unaotengenezwa na Bethesda, ni vazi la vita lililotiwa sihiri ili limpe mvaaji kile ambacho chuma pekee hakiwezi kumpa: kustahimili moto, kubeba mzigo mzito, kutembea bila kusikika, kupumua majini. Mfululizo huo ulianza mwaka 1994 kwa mchezo wa Arena, na simulizi zake hufanyika hasa katika bara la kubuni liitwalo Tamriel. Neno zindiko linatumika hapa kwa makusudi. Mswahili huzindika nyumba, shamba au chombo ili kukikinga, na anayeiondoa kinga hiyo huzindua. Vitendo hivyo viwili vyote vimo katika michezo hii, na hakuna maneno mengine ya Kiswahili yanayovikaribia kwa usahihi huo.

Zindiko la upanga hupungua kwa kila pigo mpaka lijazwe upya. Zindiko la deraya, kwa kawaida, halipungui: mvaaji akishaivaa, zindiko hufanya kazi mchana na usiku mpaka avue. Nguvu hiyo hutoka kwenye roho ya kiumbe aliyeuawa, iliyonaswa ndani ya kito. Kwa hiyo kila deraya ya aina hii ina bei iliyolipwa mara moja na faida isiyokwisha, na historia yake ni historia ya bei hiyo: nani anailipa, na kama mvaaji anaiona.

Katika Daggerfall, mchezo wa mwaka 1996, mvaaji aliiona vizuri. Mwanachama wa Chama cha Wanasihiri aliyefikia cheo cha kutosha aliruhusiwa kutengeneza vifaa vyake mwenyewe. Kila kifaa kilikuwa na kiwango cha sihiri kinachoweza kubebwa, na aliyetaka kuongeza uwezo aliweza kununua nafasi kwa kukubali kasoro. Angeweza kutengeneza dirii yenye nguvu kubwa ambayo humuumiza mwenyewe akiwa juani, au akiingia mahali patakatifu. Angeweza kukubali chapeo iwe nzito kuliko kawaida. Kasoro ya kutisha kuliko zote ilikuwa kufunga ndani ya kifaa roho ya kiumbe aliyenaswa. Roho hiyo iliongeza nafasi nyingi za sihiri, lakini vifaa vya Daggerfall huchakaa kwa matumizi, na siku kilipovunjika, kiumbe yule alitoka akiwa hai na kumshambulia aliyekuwa akimvaa. Hakuna kanuni nyingine katika mfululizo mzima inayoieleza kazi hii kwa ukweli kama hiyo. Mchezaji aliyevaa deraya kama ile alijua kwamba amevaa mfungwa, na kila pigo la adui lilikuwa likiilegeza pingu.

Morrowind, ya mwaka 2002, iliondoa kasoro za hiari na kuweka bei mahali pengine. Deraya iligawanywa katika vipande 9: chapeo, dirii, kinga mbili za mabega, glovu mbili za chuma, kinga ya miguu, buti na ngao. Kila kipande kiliweza kuwa na zindiko lake, na chini yake mchezaji alivaa mashati, mikanda, mikufu na pete zilizozindikwa pia. Ili zindiko liwe la kudumu, ilihitajika roho yenye nguvu ya 400 au zaidi, na viumbe wenye roho kama hiyo ni wachache. Maarufu zaidi ni Golden Saint, mpiganaji wa kike wa dhahabu. Wachezaji waligundua njia isiyohitaji kumsaka: humwita kwa sihiri, humtegea mtego wa roho, kisha humuua papo hapo. Hata hivyo kazi ya kuzindika kwa mkono wako iliweza kushindikana, na kito hupotea pamoja na roho iliyomo.

Kifaa kimoja cha mchezo huo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Karibu na mji wa Caldera kuna mwanamke aitwaye Pemenie anayeomba asindikizwe hadi Gnaar Mok. Anayemfikisha salama hupewa buti zinazomwongezea mvaaji kasi ya 200, na papo hapo kumpofusha kwa asilimia 100. Mchezaji huzivaa, na kioo kizima huwa cheusi. Husikia upepo na nyayo zake zikienda mbio, hagusi chochote, mpaka agonge mwamba. Wabretoni, watu ambao kwa asili hukinza nusu ya sihiri inayowapata, huona kwa ukungu. Wengine waligundua kwamba mchezo hupima upofu huo wakati mmoja tu, mguu unapoingia kwenye buti. Mtu akiwa na sihiri ya ukinzani kwa sekunde hiyo moja, hubaki na macho na kasi pia, hata sihiri ya ukinzani ikishaisha. Ugunduzi huo ni wa kupendeza kweli, kwa kuwa mchezaji ameifahamu kanuni kwa kuishi ndani yake, kama fundi anavyoufahamu mti kwa kuuchonga.

Oblivion ya mwaka 2006 ilipunguza vipande hadi 6 na kuweka mlango mbele ya fundi. Madhabahu za kuzindikia ziliwekwa katika chuo kikuu cha wanasihiri, na mwanafunzi hakuingia humo kabla ya kupata barua za kumpendekeza kutoka matawi ya chama katika miji 7. Njia ya pili ilikuwa kuyaingia malango ya Oblivion, ulimwengu mwingine ulioupa mchezo jina lake, kupanda minara yake na kuchukua mawe yenye sihiri tayari. Udhaifu wa mpango huu ulionekana kwenye sihiri ya kinyonga, inayomficha mvaaji asionekane. Kwa roho kubwa, kila kipande kilitoa asilimia 20, na vipande 5 vikafikisha 100. Aliyevaa hivyo hakuonekana na mlinzi wala mnyama, hata alipokuwa akiwapiga. Kuanzia hapo hapakuwa na vita tena, na wabunifu walijifunza kwamba mazindiko yanayojumlishwa huua mchezo kwa hesabu ya shule ya msingi.

Hata hivyo Skyrim, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, ilirudia kosa hilohilo kwa sura nyingine. Vipande vya deraya vilibaki 5, pamoja na pete na mkufu. Meza za kuzindikia zikawekwa wazi katika nyumba za wanasihiri, na barua hazikuhitajika tena. Badala yake fundi hujifunza kwa kuzindua: huweka mezani deraya iliyozindikwa na mwingine, huiharibu isibaki chochote, na ujuzi wake humwingia. Uamuzi huo una uzito wake, maana mara nyingi kinachoharibiwa ndicho kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Lakini baada ya hapo mkono hauzuiliwi sana. Chuma chenyewe kiliwekewa kikomo, kwani hata deraya nene kiasi gani haipunguzi pigo kwa zaidi ya asilimia 80. Gharama ya sihiri haikuwekewa kikomo cha aina hiyo. Fundi aliyefika kiwango cha 100 na kukamilisha mafunzo huweza kupunguza kwa asilimia 25, katika kila kimoja cha vifaa vinne, nguvu inayotumika kurusha moto na radi. Jumla ni 100, na moto wake hauishi tena.

Bei iliyotoka kwenye hesabu ilihamia kwenye simulizi. Baadhi ya deraya zenye majina hutolewa na wakuu wa Daedra, viumbe wenye nguvu za kimungu, na hawatoi bure. Deraya ya Boethiah imetengenezwa kwa eboni, ambayo huko Tamriel ni madini meusi wala si mpingo. Ili kuifikia, mchezaji lazima ampeleke mwenzake anayemwamini kwenye nguzo ya kafara na kumuua hapo. Ngozi ya Mwokozi, ya Hircine mkuu wa uwindaji, huanzia kwenye jela ya Falkreath. Ndani yake amekaa Sinding, mtu mwenye laana ya kugeuka mbwamwitu, aliyemuua mtoto wa kike na anayejutia. Akitoroka, Hircine huamuru asakwe. Mchezaji anayetii humuua pangoni, kisha huichuna maiti kwa mikono yake, na ngozi hiyo ndiyo inayogeuka deraya. Humpa asilimia 15 ya ukinzani wa sihiri na 50 ya ukinzani wa sumu. Tarakimu hizo ni ndogo mbele ya kile anachoweza kujizindikia nyumbani, na wengi wanaoitafuta huishia kuihifadhi sandukuni.

Roho za kawaida hazina jina wala sauti. Katika Skyrim hupangwa kwa ukubwa, kuanzia 250 kwa ndogo kabisa hadi 3,000 kwa kubwa, na roho ya binadamu huhitaji kito cheusi. Nyongeza ya Dawnguard, ya mwaka 2012, ilionyesha zinakokwenda roho za watu zikishatumika: nchi ya kijivu iitwayo Soul Cairn, yenye mawe ya makaburi na vivuli vinavyotangatanga bila kujua vimefikaje. Mchezaji asiye mnyonyadamu haruhusiwi kuingia huko akiwa mzima. Serana, anayesafiri naye, humnasa sehemu ya roho na kuiweka kwenye kito. Mchezaji hushuka akiwa dhaifu, deraya yake yote ikiwa mwilini, na udhaifu huo humfuata katika nchi hiyo mpaka akikute kito chake na kukichukua.