Wiki ya Kwanza Wodi Hujaa, Mwezi wa Tatu Je?

Ajali ya bodaboda ikitokea, wiki ya kwanza wodi hujaa marafiki. Lakini mfupa wa paja uliovunjika huweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, na kufikia hapo wengi wameshapotea.

Basi jipangeni mapema. Gawaneni siku: huyu Jumatatu apeleke uji, yule Alhamisi akae na mgonjwa ili mama yake akapumzike. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mgongoni na makalioni; mwombeni muuguzi awaonyeshe namna ya kumgeuza, kwa kawaida kila baada ya saa 2. Msimkande wala kumnyoosha mguu kwa kubahatisha. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Changieni damu pia. Hapa Tanzania mwanaume mwenye afya njema hutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4.

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, bado kuna nauli ya kliniki, magongo na kodi ya chumba. Akisema amechoka kuishi, msimkemee. Mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

Una rafiki aliyelazwa? Mpigie leo, muulize anahitaji nini Jumamosi hii.