Kuchagua Kifaa cha Kuongozea Njia kwa Magari Makubwa

Kifaa cha kuongozea njia, maarufu kwa jina la GPS, hupokea mawimbi ya redio kutoka kwa setilaiti zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kwa kupima muda ambao mawimbi ya angalau setilaiti nne huchukua kufika, hukadiria mahali gari lilipo hata pale ambapo mtandao wa simu haupatikani. Kinachokosekana mtandao unapokatika ni ramani. Ndiyo maana anayeendesha gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani yake, au trela ya miwa katika eneo la Matungu, anapaswa kuchagua kifaa kinachohifadhi ramani nzima.

Jambo zito zaidi ni vipimo. Programu nyingi za simu huchukulia kwamba kila gari ni dogo, na njia fupi zinayoipendekeza baina ya Koyonzo na Mayoni, huko huko Matungu, yaweza kuwa kijia cha udongo katikati ya miwa, ambacho baada ya mvua ya jioni huachwa na mifereji ya magurudumu ya trekta iliyojaa maji, wala hapana pa kugeuzia gari refu. Kifaa kinachofaa humruhusu dereva kuingiza kimo, upana, urefu na uzito wa gari, kisha kikaepuka njia zisizolingana navyo. Hata hivyo, hakijui nguvu ya daraja ambalo halikuandikwa kwenye ramani, na hapo ni lazima dereva wa trekta wa eneo hilo aulizwe kabla gurudumu la kwanza halijakanyaga ubao.